Namba Moja Aliyekaa Kitini wa Mwisho

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, dereva wa gari la hospitali aliyoitumikia, familia imenituma nisome, nivumilieni sauti.

Dada yetu, tuliyezoea kumwita Mama Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza sekondari mwaka 1997, na tarehe 6 Desemba 2001 akapata cheti cha uuguzi, akaajiriwa wodi ya wazazi na baadaye chumba cha chanjo. Tarehe 20 Agosti 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili, mdogo yuko darasa la nne.

Korona ilipoingia, wenzake waliiogopa chanjo, naye, pamoja na pumu yake, akakunja mkono wa sare mbele yao tarehe 2 Agosti 2021, ndiyo maana kwenye daftari la utafiti uliofuata aliandikwa namba moja. Wahudumu themanini na sita walipimwa damu kila miezi mitatu, ionekane kingamwili za chanjo zinashuka lini, na ambaye zimeshuka aitwe mapema kwa dozi ya nyongeza. Dada ndiye aliyewatoa damu, na desturi yake mliijua, kila aliyeingia alimpisha mbele, yeye akakaa kitini wa mwisho, nami nikimtania kwamba namba moja anashika mkia.

Tarehe 3 Februari 2022, saa nane mchana, nikiwa nimeshapakia kisanduku cha sampuli, alinipungia dirishani nimsubiri dakika kumi naye atolewe damu, nikamjibu barafu inayeyuka, nikawasha gari nikaondoka, akaandika mbele ya namba yake neno kesho. Mwezi Mei ikawa vilevile, ila safari hiyo hakuniomba nimsubiri. Majibu yalirudi, mlioshuka mkaitwa mkachanjwa, namba moja haikuwa na jibu, haikuitwa.

Aliugua Korona tarehe 9 Juni 2022, akalazwa tarehe 11, pumzi ikamwishia tarehe 18 saa tano asubuhi. Daktari ameniambia hakuna awezaye kuapa kwamba dozi ile ingemwokoa, namshukuru kwa huruma yake, lakini dakika kumi jamani, dakika kumi tu, sijui nizipeleke wapi, na wapwa zangu hawa wawili wanaoniita mjomba walikuwa hawajui mpaka sasa hivi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani ambao hawajatuacha peke yetu tangu siku ya kwanza, na nyinyi wenzake themanini na watano, ambao nawaomba, atakayekabidhiwa kiti kile na daftari lile aanze na mkono wake mwenyewe, gari litasubiri.

Pumzika kwa amani, dada yangu, hakuna tena wa kumpisha.