Wimbo wa Msusi na Sauti ya Fundi Flashi

Hebu niambie wewe, tena usiangalie pembeni: katika nyimbo zote zilizojaa kwenye simu yako, ni upi uliomlipa aliyeuimba? Basi, usijibu. Kijiweni kwetu nako swali hilo lilitua asubuhi moja na watu wazima wakaanza kukagua viatu vyao. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya makreti mawili ya soda, ukutani, kati ya kinyozi na saluni. Mbele yake ipo meza ya Fundi Flashi: kompyuta yenye ufa kiooni, waya kama utumbo wa mbuzi, na kibao kisemacho NYIMBO ZOTE TUNAINGIZA. Unampa flashi yako, anaijaza, unamlipa, unaondoka unacheza. Kinyozi tunamwita Spika, maana spika ya dukani kwake ni kubwa kuliko kiti cha kunyolea. Wa tatu ni Mzee Birika, mstaafu wa stoo ya vipuri, ambaye mkono wake mtaa mzima unajua haunyooki; hata kahawa hunywa ya kuonjeshwa. Wa nne ni mimi, Msomi. Digrii ninayo, second class upper, thank you very much. Kazi ndiyo sina, kwa hiyo muda wa kubishana ninao wa kumwaga.

Siku hiyo Spika alikuwa amefungulia wimbo wa Msusi. Msusi ni dada wa saluni ya jirani. Mchana anasuka, jioni anaimba. Wimbo aliurekodi kwa pesa za vichwa vya watu, akawa anauuza mwenyewe: unamtumia hela, naye anakutumia wimbo kwenye simu. Mtaa mzima unauimba. Ila kila ubeti ukikaribia kukolea, inaingia sauti nene: “Hiii imetoka kwa Fundi Flashi, pembeni ya kinyozi! Usiibe kazi ya mtu!” Fundi huibandika sauti yake juu ya kila wimbo anaouingiza. Tulishaizoea kiasi kwamba wengine huiitikia wakidhani ndiyo kiitikio.

Nikauliza tu, kwa adabu zangu zote:

Msomi: Spika, huo wimbo umeulipia?

Spika: Nilipie nini? Mimi namtangaza! Kila anayekaa kwenye kile kiti lazima ausikie. Kwa haki, yeye ndiye anilipe mimi.

Msomi: So na mimi ukininyoa nisilipe, maana natembea na kichwa nakutangaza?

Spika: Kichwa chako wewe kitanifukuzia wateja. Wahenga walisema, kizuri kula na mwenzio.

Msomi: Walisema na mwenzio. Hawakusema umfungie mlango aliyepika.

Fundi Flashi: Msomi, usichanganye mambo. Mimi siuzi wimbo, nauza jasho. Umeme wangu, bando langu, kidole changu hiki kinachobonyeza. Mchukuzi akibeba gunia unamuuliza kama amelima?

Msomi: Namuuliza gunia kalitoa wapi.

Fundi Flashi: Tena nyie hamjui shida zangu. Wapo jamaa wa kona ya pili, wanajaza flashi kwangu, kisha wanakwenda kuwauzia watu nyimbo zangu. Wezi wakubwa!

Msomi: Nyimbo zako.

Fundi Flashi: Zangu! Kwani hiyo sauti humo ndani ni ya nani?

Spika akapiga kofi paja lake, kana kwamba kesi imekwisha.

Fundi Flashi: Halafu jambo lingine. Mwimbaji akilipwa, anashiba. Akishiba, ataimba nini? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Njaa ndiyo studio yenyewe. Sisi tusiolipa ndio tunaolinda ubora.

Spika: Hapo sasa! Na tukianza kulipa, kesho jogoo atadai. Si huwa anaimba bure kila alfajiri?

Mzee Birika: Nyamazeni niwafundishe. Kuimba ni pumzi. Pumzi ni ya Mungu. Ukianza kulipia pumzi iliyoimba, utalipia na pumzi iliyopiga miayo. Jirani yangu anakoroma usiku kucha, nasikia kila kitu. Mwezi ukiisha aniletee bili?

Spika: Mzee umemaliza!

Mzee Birika: Mimi kununua wimbo? Heri ninunue upepo, angalau utanikaushia nguo.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe kile nilichosomea miaka yote ile, intellectual property, yaani hakimiliki, chapter one mpaka mwisho, mlango wa saluni ukafunguka kwa kishindo. Msusi alitoka mbio, mikono imejaa jeli, kitana kimekwama kwenye nywele zake mwenyewe. Mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, alibaki dirishani anachungulia.

Msusi: Shikamoo Mzee. Jamani kaka zangu, nimekwisha!

Mzee Birika: Marahaba. Umekwishaje, binti?

Msusi: Kuna watu wanatengeneza filamu, wanautaka wimbo wangu. Wanaulipia kabisa, mkataba nimesaini. Wanataka nakala safi leo, la sivyo wanachukua wimbo wa mtu mwingine. Simu yangu jana ilizama kwenye beseni la kuoshea nywele, imekufa na kila kitu, hata namba za walioununua. Nimekwenda studio, mashine yao imeungua, hawajabaki na kitu. Wimbo wangu mwenyewe sina!

Fundi Flashi alisimama akajikung'uta shati kama bwana harusi.

Fundi Flashi: Dada, kaa chini, unywe kahawa. Mnaona sasa? Akiba haiozi. Tungekuwa watu wa kulipa lipa, leo huyu dada angelia.

Akabonyeza. Sauti ya Msusi ikatoka, laini, mpaka mteja wa dirishani akafumba macho. Kisha: “Hiii imetoka kwa Fundi Flashi, pembeni ya kinyozi! Usiibe kazi ya mtu!”

Msusi: Nipe isiyo na hilo.

Fundi Flashi: Haipo.

Msusi: Haipo vipi? Ile uliyoipata mwanzo?

Fundi Flashi: Huwa naifuta. Nikishaweka sauti yangu, safi naifuta hapo hapo. Wale wa kona ya pili wasije wakaikuta wakaiba.

Msusi: Basi toa sauti yako.

Fundi Flashi: Haitoki, dada. Imeshachanganyika, kama chumvi kwenye maji.

Naapa, hata kuku aliyekuwa anapita alisimama. Spika alitoa simu yake: sauti ya Fundi. Mimi nikatoa yangu, nikaufungulia wimbo niliorushiwa na Spika: sauti ya Fundi, tena imekwaruza zaidi. Mteja wa dirishani akajaribu yake. Ikatusalimia kutoka saluni. Msusi aliketi kwenye ubao, akatutazama mmoja mmoja. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Msusi: Naomba kuuliza. Kwani hapa hakuna hata mmoja aliyeununua?

Mnawajua hawa watu? Dakika chache nyuma walikuwa na nadharia mpaka za jogoo. Spika akaanza kufuta mashine ya kunyolea ambayo haikuwa na nywele. Mzee Birika akainuka, akasema tumbo linamsumbua, akaenda nyuma ya duka.

Kisha tukasikia sauti ya chini kutoka huko.

Mzee Birika: Binti. Njoo mara moja. Peke yako.

Msusi akaenda. Tukatega masikio. Ukasikika wimbo, hafifu, ubeti wa kwanza, tukajikunja tukisubiri ile sauti nene. Haikuja. Ubeti wa pili, haikuja. Halafu Msusi akapiga yowe, na hakuna msiba duniani wenye yowe la namna hiyo.

Msusi: Safi! Safi kama nilivyoimba! Mzee wangu, kumbe ni wewe? Yule “Mama Watoto” aliyenitumia hela, akaandika “asante mwanangu, Mungu akuzidishie koo”?

Mzee Birika: Punguza sauti, binti, wanasikia.

Tulishasikia. Tulikuwa tumeshazunguka duka.

Spika: Mzee! Umenunua upepo?

Mzee Birika: Nilitumia simu ya mke wangu, kisha wimbo nikauhamishia kwenye yangu. Nina jina la kulinda hapa mtaani.

Fundi Flashi: Na ile hotuba ya kukoroma?

Mzee Birika: Hotuba ni hotuba. Mimi nimekaa stoo maisha yangu yote. Kitu kikitoka pale bila saini, usiku silali. Nilipewa huu wimbo na Spika, nikausikiliza, usingizi ukaniruka. Nikaufuta, nikanunua. Nikalala.

Msusi alicheka huku analia, jeli yote ikaishia usoni. Mzee Birika akautuma wimbo kwa wale watu wa filamu palepale, kwa bando lake mwenyewe, jambo ambalo mtaa huu haujawahi kushuhudia. Tukasubiri tumekaza meno. Simu ikalia: umefika, ni mzuri, wameuchukua. Spika alizima ile spika yake akaomba namba ya kulipia. Fundi Flashi akaomba arushiwe nakala safi.

Mzee Birika: Kanunue.

Kahawa ilikuwa inamiminwa, Mzee Birika analipia, dunia imekuwa ngeni kabisa, Spika akauliza:

Spika: Lakini dada, si unapigwa redioni kila asubuhi? Kule wanakulipa vizuri?

Msusi: Wananisalimia.

Spika: Wanakusalimia?

Msusi: “Salamu kwa dada yetu mwenye sauti ya dhahabu.” Kila asubuhi. Nikienda ofisi ya hakimiliki wananiambia nisubiri, redio haijaleta hesabu.

Basi sikilizeni, ninyi wenye redio, na ninyi mliokalia viti vya ofisi ya hakimiliki mkinywa chai kwa mgongo wa waimbaji. Msusi leo ameokolewa na mzee mmoja aliyekosa usingizi, na huo si utaratibu, ni bahati. You have the law, you have the transmitter, mna hata kiyoyozi. Sisi tuna ubao na makreti mawili. Salamu zenu zimefika. Mlipeni huyu dada kwa kila asubuhi mliyoupiga wimbo wake, mumlipe wiki hii, kisha ndipo mumsalimie.