Pita Mpaka Utoke: Maisha ya Deusdedit Ntahombaye (1949–1998)

Marehemu Deusdedit Ntahombaye alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Anaclet na Mama Colette. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, kisha akawa katekista kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1971 alifunga ndoa na Marcelline, na Mungu akawajalia Iteka na Audace.

Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake: marehemu alikuwa mwoga, na hakuficha. Vita vya Oktoba 1993 vilipoanza alikimbia na mke na watoto mpaka huku ugenini. Mama Colette alibaki, maana miguu yake haikuiweza safari, na hatukupata tena habari zake. Tangu siku ile marehemu hakulala bila viatu, kamba zimefungwa. Hata hapa Umbilo, pikipiki ikipiga mlio tu, yeye alikuwa ameshafika mlangoni. Tulimcheka, naye alicheka, lakini viatu hakuvua.

Februari 1996 alipata kazi ya kufagia na kulinda lango la sinagogi moja ndogo upande wa Glenwood. Pale Mzee Hasson, Myahudi mzaliwa wa Lubumbashi, alimweleza kwamba Wayahudi wameigawa Torati mafungu, kila Sabato na fungu lake, mpaka mwaka uzunguke. Marehemu alifurahi mno. Kila wiki alilisoma fungu katika Biblia yake ya Kiswahili, kisha akalisikiliza mlangoni, ufagio mkononi.

Mei 1997 likafika fungu la mwisho la Walawi. Msomaji alishusha sauti akasoma haraka haraka, kwa kuwa zilikuwa laana. Mojawapo yasema watu watakimbia kwa sauti ya jani linalopeperuka, na hakuna anayewafukuza. Marehemu alirudi nyumbani. Alisema ni yeye aliyeandikwa pale, kwa sababu ya mama yake. Mzee Hasson alimwambia: “Papa Iteka, pale hatusimamake. Ukiingia mu malaana, unapita mpaka utoke. Mwisho iko mazuri.” Aliitikia, lakini ukurasa ule hakuthubutu kuufungua tena.

Januari 1998 mapafu yalianza kumsumbua. Alilazwa wiki sita. Wauguzi walimvua viatu, akavificha chini ya mto. Aliporudi nyumbani alihesabu wiki kwenye kalenda ya sinagogi: laana zingerudi Jumamosi, tarehe 23 Mei. Aliogopa kwamba zitamkuta kitandani na kuondoka naye. Sote tuliogopa.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo alimwomba mkewe amsomee. Marcelline alipofika kwenye jani, alifunga kitabu. Marehemu akamshika mkono.

“Usisimame hapo, Mama Iteka. Pita mpaka utoke.”

Marcelline akakifungua tena, akasoma mpaka pale Mungu anaposema kwamba hata wakiwa katika nchi ya adui zao, hatawakataa. Marehemu aliomba arudie. Kisha akasema, “Nivue viatu.” Alifariki saa nne na dakika ishirini.

Jana Mzee Hasson alikuja kutupa pole. Alituambia fungu la wiki hii ni mwanzo wa Hesabu, watu wanahesabiwa kwa majina, nyumba kwa nyumba. Basi leo, Ijumaa tarehe 29 Mei, tuihesabu nyumba ya marehemu. Ameacha mjane, Marcelline, watoto, Iteka na Audace, mkwe, Tina, mjukuu, Prodige, dada yake Antoinette, aliyeko Kigoma, na mama yake, Colette, ambaye hatujui alipo, lakini tunamhesabu.

Apumzike kwa amani. Viatu vyake vimebaki nyumbani.