Boya la Mkunya Linalongoja Maji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meneja wa mradi wa maji, shikamoo. Mwalimu Mkuu, shikamoo. Mama zetu mliosimama madirishani, shikamooni.

KARIBU

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi ya shule ya Mkunya tunakupokea kwa furaha. Umepanda mlima kutoka Masasi katika vumbi, na tungetamani ukute beseni la kunawa mlangoni. Tumekuwekea kikombe kimoja cha maji. Ni chako peke yako.

HISTORIA YA TANGI LETU

Wengi wetu tumezaliwa juu huku. Samaki tuliyemjua alikuwa mkavu wa chumvi, amepangwa kikapuni, ametoka Mtwara. Mwalimu Ethel, mlezi wa klabu, alipotufundisha jinsi samaki anavyopumua, mwenzetu Cuthbert aliuliza, "Mwalimu, na chumvi yote ile?" Darasa lilicheka, lakini hatukuwa na samaki hai wa kumjibu. Ndipo Silvano alipomfuata mjomba wake kwenye bonde la Ruvuma, akarudi na perege wadogo ndani ya ndoo nyuma ya baiskeli. Tukaunda tangi kwa vioo vya dirisha na lami.

MAFANIKIO

Upepo wa huku hukausha maji upesi, na likizoni hakuna wa kuongeza. Tukabuni mtambo wa kujijaza wenyewe. Choo cha kuvuta cha walimu hakijavutwa tangu bomba likauke, basi tulichukua boya lake na koki yake. Pipa la maji ya mvua liko juu, mpira unashuka hadi tangini. Maji yakipungua, boya linashuka na koki inafunguka. Yakitosha, boya linapanda na koki inajifunga.

Mara ya kwanza tulikosea. Mkono wa boya la choo ni mrefu. Boya lilikwama kwenye kioo, pipa zima likamwagikia sakafuni. Kabla hatujapata fagio, mama zetu walikwisha kuingia kutoka vitaluni kando ya shule, wanafyonza sakafu kwa kanga na kukamulia ndooni.

"Samaki wenu wameoga mara ngapi wiki hii?" Mama Siti alituuliza. "Maana mimi na Siti tunapangusana tu."

"Mie nahamia humo humo," mwenzake akadakia. "Perege anioe."

Tulicheka. Tuliufupisha mkono wa boya. Tangu siku hiyo maji machafu ya tangi ni ya vitalu vyao vya mikorosho.

CHANGAMOTO

Maji ya mvua huisha kiangazi, kwa hiyo mtambo tumeuunganisha pia na bomba la mradi wako. Lakini tangu bei ya mafuta ya pampu iachiwe soko huria ikapanda na mradi ukae kungoja mwekezaji, bomba halijatoa tone. Koki yetu iko wazi usiku na mchana. Tukiwa darasani, masikio yetu yako huko. Bomba likikoroma kwa upepo tunanyanyuka sote, na Mwalimu Ethel hatukemei, kwa kuwa naye amekwisha kunyanyuka.

Jana kamati ya mapokezi ilileta gari la maji kutoka Masasi, ikajaza pipa, ili leo uone tangi likijijaza na uambiwe ni maji ya bomba lako. Kamati ilipoondoka tuliwaita mama zetu. Walikuja na ndoo, sufuria, hata birika la chai. Perege tuliwabakizia maji ya kufunika migongo. Basi utakapolikaribia tangi utaona boya liko chini na koki iko wazi, na utasikia upepo bombani.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta wala basi la shule. Washa pampu. Tunatamani kusikia maji yakipanda kutoka bondeni. Tunatamani Mama Siti aoge, ajimwagie hadi achoke mwenyewe. Kama haiwezekani, tuambie leo hii, Silvano awarudishe perege Ruvuma wangali hai.

Mungu akushushe mlima salama, na nyumbani kwako pasikauke.

Ni sisi, Klabu ya Sayansi, Mkunya. Amesoma Dorika, katibu.

Mheshimiwa, asubuhi hii kamati ilitutaka tumalizie kwa kukuomba radhi kwa maji tuliyoyagawa. Hatuombi.