Profesa Nkatha Gathogo, Daktari Aliyemeza Mpira Mbele ya Wagonjwa Wake

Wapendwa mliofika kanisani hapa La Rochelle, Johannesburg, familia imenituma mimi, Eugene, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, naye mwenyewe aliagiza yasomwe kwa sauti inayofika viti vya nyuma.

Profesa Nkatha Gathogo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Nkubu, Meru, akiwa mtoto wa nne wa Mwalimu M'Ikiara na mkewe Tabitha, akasoma hapo hapo Nkubu, kisha sekondari mjini Meru, na mwaka 1971 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1976, na siku hiyo baba yake alifurahi hata akawaruhusu wanafunzi wake warudi nyumbani mapema.

Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Enos Gathogo, mhandisi wa barabara, wakajaliwa watoto wawili, Eugene na Nyambura, na Mei 1995 familia ikahamia Johannesburg, ambako Mama alipata kazi ya kutibu na kutafiti magonjwa ya umio na tumbo.

Kilichomnyima raha ni wagonjwa kufika wakiwa wamechelewa, kwani katika kliniki yake ya Hillbrow, watu waliokuwa wakikwamwa na chakula kooni miezi na miezi waliukimbia mpira wenye kamera unaopitishwa kooni kuchunguza umio, kwa kuwa ilivuma kwamba unachana koo. Basi Jumatano, tarehe 6 Juni 2001, alipowakuta ishirini na wawili wamekataa katakata, alivua koti, akaketi mbele yao, akamwomba mwenzake, Daktari Thierry, aanze na yeye, akaumeza mpira huku machozi yakimtoka, na ulipotolewa akapangusa mdomo, akacheka. Hapo msusi mmoja wa kutoka Bukavu, Mama Clémentine, akasimama, akasema, "Daktari, kama weye umemeza, na miye nitameza." Alipopimwa alikutwa na uvimbe ambao ulikuwa bado mdogo, ukatolewa, na leo ameketi pale safu ya tatu.

Tangu siku hiyo Mama aliandika habari za kila aliyekubali, akawafuatilia watu 1,312 kwa miaka kumi na mitano, wengine akiwasaka kwa simu hadi Lubumbashi, na utafiti wake ukaonyesha kwamba wengi waliopimwa mapema walipona. Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 2018, madaktari wenzake walimtunuku heshima kwa kazi ya maisha yake yote, kwenye chakula cha mchana kule Sandton, naye akahutubu dakika mbili tu, akisema supu inapoa.

Nyumbani, mjukuu aliyeomba chapati kwa Kiingereza au Kizulu hakusikika mpaka aombe kwa Kiswahili.

Februari 2025 alijipapasa tumbo wakati wa chai ya asubuhi, akamwambia Baba kuwa ni saratani ya kongosho, na vipimo vikathibitisha, akalia siku hiyo nzima Baba akiwa amemshika mkono, na kesho yake akawaita wanafunzi wake, akaanza kuwakabidhi kazi. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Baba akimsomea gazeti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza wakivumilia kusahihishwa naye, majirani waliopika bila kuombwa, na wenzake wa kazini ambao tayari wamefungua upya kliniki yake.

Mama, wagonjwa wako wanahudumiwa. Pumzika sasa, kwa amani yote ya Mungu.