Fremu Iliyopigwa Rangi ya Bluu

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Baba Mhandisi alipokivuta chombo cha kupimia maji ya bahari mpaka mbele ya benchi la kahawa, nje ya karakana yake ya kuchomelea. Fremu ya chombo ilikuwa imevunjika mguu, na binti yake, mwenye miezi minne tu kazini kama mhandisi wa utafiti wa bahari, ndiye aliyewasihi wakubwa wake kazi apewe baba yake. Kesho yake kingezamishwa. Binti alikaa ukingoni mwa benchi, kikombe mkononi, hanywi, akikagua maungio moja moja. Yalikuwa laini kama ya kiwandani. Tena mzee alikuwa ameipiga fremu nzima rangi ya bluu, bila kuagizwa.

— Chupa zote hizi za nini? aliuliza Kinyozi.

— Za kuchotea maji ya chini kabisa, mjomba. Hiki kidogo kinapima joto, kile chumvi.

— Chumvi! alidakia Redio, mshona viatu. Basi wapishi wamekwisha!

— Wapishi wapi? alisema Kinyozi. Hicho kinanasa mpaka samaki wakisengenyana.

— Wamsengenye nani, mimi? Baba Mhandisi alijipiga kifua. Kesho kazi ya mkono huu inafika kilindini. Nyinyi mikono yenu imefika wapi?

— Wangu umefika kichwani kwako, mzee, ukakosa nywele, alijibu Kinyozi.

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja aliyefuata kiti chake kilichochomelewa akainama, akaitazama fremu.

— Chumvi inakula chuma. Hapa itakula nini?

Binti akaweka kikombe chini, akainama naye. Ubavuni palikuwa pamefungwa kipande cha zinki, makusudi ili chumvi ikile hicho, chombo kipone. Sasa nacho kilikuwa bluu.

— Baba, na hiki umekipaka?

— Kilikuwa na vidonda vidonda. Ningekuachaje uende nacho hivyo mbele za watu?

— Hicho ndicho cha kuliwa, baba. Kikivikwa rangi, chumvi itahamia kwenye chombo.

Mzee akaingia ndani, akarudi na kipande cha msasa, akamtia mkononi.

— Rangi bado mbichi. Kesho asubuhi. Sugua hapo tu, kwingine usiguse.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gatini, binti alikisugua kile kipande cha zinki mpaka kikang'aa, wala hakugusa kwingine. Kisha akajaza fomu ya matengenezo. Penye nafasi ya fundi akaandika majina ya baba yake, yote matatu, akayasoma mara mbili asije akakosea herufi.