Nyundo Yangu Ilikuwa Ngoma Yao

Ndugu zangu tuliopigwa na kiharusi, na ninyi mnaotushika mkono tukipanda vilima vya Kigali, nawasalimu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu kuna wakati ulikataa kazi, na mdomo huu, ulizeni mtaa wote wa Gatsata, ulijulikana kuliko bango la garaji yangu.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Shule niliiacha darasa la nne na sikuililia. Gari ikigongwa kule Kiyovu kwa matajiri, dereva wa mkubwa anapita garaji zenye vioo, anateremka nayo mpaka kwangu. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nina mafundi chini yangu na nyumba ya vigae. Hakuna mtu aliyenisaidia. Ndivyo nilivyokuwa nasema, na sikusema polepole.

Nyuma ya ukuta wa garaji liko kanisa dogo, chumba kimoja na mabenchi, bila ngoma wala kinanda. Korali yao ilifanya mazoezi jioni, saa ninayomalizia kazi. Sikuwahi kuingia, Jumapili yangu ilikuwa ya kulala. Lakini ndugu zangu, nawaambia siri ya fundi: ukipiga bati kavu kavu mkono unachoka, ukipiga kwa wimbo mkono unajisahau. Basi miaka yote nikapiga kwa nyimbo zao. Wakiharakisha naharakisha, wakipunguza napunguza. Nilidhani nawaibia na hawajui.

Binti yangu yuko chuo kikuu, anasoma elimu ya jamii. Ndiyo, binti wa huyu wa darasa la nne, mtaniacha nijisifu. Siku moja akaniambia kwamba huko wanabishana juu ya dini. Wako wanaosema ni gundi ya kushika watu pamoja. Wako wanaosema ni dawa ya usingizi ya maskini. Wengine wanasema mji ukipata lami na simu, dini itakauka yenyewe.

"Wewe unasemaje, papa?"

"Andika hiyo ya mwisho," nikamjibu. "Mfano ni mimi."

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikainuka kitandani, nikaanguka. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukafuata kidogo kidogo. Maneno hayakurudi. Nilikuwa nayo yote kichwani, yamesongamana kama mabasi ya stendi ya Nyabugogo, na hakuna linalotoka. Nikitaka maji natoa mlio tu. Fundi asiyeweza kuelewana na mteja hana garaji. Wateja wakaanza kwenda kwa jirani, mafundi wangu wakaanza kuulizia kazi kwingine. Wakubwa niliowanyooshea magari, hakuna aliyekanyaga kwangu. Sikuwalaumu. Walilipa, tukamalizana.

Jioni moja wakasimama mlangoni watu wa korali. Mbele yao mama mmoja anayeuza parachichi sokoni, ndiye anayewaongoza. Mke wangu alifikiri wamekosea nyumba.

"Mama, huyu siyo mtu wa kanisa lenu."

"Ni wetu," akasema yule mama. "Ni mpiga ngoma wetu. Tangu ameacha kupiga tunaimba kama mbuzi walioachiwa, kila mmoja na njia yake."

Mzee wa sauti nzito akaongeza nyuma yake, "Na alikuwa anatukimbiza huyu. Sisi tunataka kumsifu Mungu taratibu, yeye anataka kumaliza mlango wa gari ya watu."

Nikacheka kwa upande mmoja wa uso. Kumbe jioni zote zile walikuwa hawaanzi mpaka wasikie nyundo yangu.

Wakaweka parachichi mezani, wakaimba ule wimbo wao wa kuvuka mto. Kwa wimbo ule nimenyoosha nusu ya magari ya mji huu. Mkono wangu ukaanza kugonga kiti. Walipofika kwenye kiitikio nikasikia mtu anaimba nao, tutavuka, sote tutavuka, sauti mbovu kama breki zilizokwisha. Mke wangu akaangusha kikombe. Mtu yule alikuwa mimi.

Nikajaribu kusema maji. Wapi.

"Usiseme," yule mama akaniambia. "Imba."

Nikayaimba yale maji, kwa sauti ya kuvuka mto, na nikaletewa.

Tangu hapo walikuja kila wiki baada ya mazoezi. Garajini nikaimba bei. Mteja mmoja alikubali bila kubishana, nadhani aliogopa. Kidogo kidogo wimbo ukapungua, maneno yakabaki. Daktari alitueleza kwamba kichwani maneno ya kusema na ya kuimba hayakai chumba kimoja. Yule mama akamuuliza, "Na hivyo vyumba alivijenga nani?" Daktari akacheka, akaandika dawa.

Binti yangu aliyaona yote, akaniambia, "Papa, wewe hukuwa unaamini, lakini ulikuwa wa pale. Nilikuandika vibaya."

Leo naingia kanisani. Nakaa nyuma na nyundo yangu na kipande cha bodi ya Korola, na nawaambia hakuna korali Kigali yenye mpiga ngoma kama mimi. Kama naamini? Jumapili nyingine sana, nyingine kidogo. Hawajaniuliza. Wananiuliza kwa nini nimechelewa.

Namshukuru mke wangu, aliyejifunza bei za bati kwa ajili yangu. Namshukuru binti yangu, na mafundi waliobaki. Korali ile nitaishukuru mpaka mkono uishe nguvu. Na ninyi ndugu zangu, msihesabu wale mliomalizana nao. Tafuteni wale ambao bila ninyi hawaanzi. Huenda wako nyuma ya ukuta tu.

Sasa namaliza, maana mwenzetu yule mzee aliyekaa karibu na mlango hajasema neno tangu tumeanza, na nimeona kidole chake kinagonga fimbo. Mama uliyekuja naye, kabla ya ugonjwa alikuwa anapenda wimbo gani? Wa kanisani, wa msikitini, wa mpira, wowote. Tuanzie yeye. Nyundo ninayo.