Nondo za Nyumba ya Sitini na Tatu

Hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na karakana, ila kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Hakuwa na gari. Ngazi aliibeba begani. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Na kwa miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na dada.

Leo tunamkumbuka fundi wa madirisha. Wengi mlimwita Fremu. Alifariki Jumanne, kwa maradhi ya kifua, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Alianza na madirisha ya mbao, yale ya mabawa mawili yanayofunguka nje. Zikaja luva, zile za vipande vya vioo vinavyopangana, akajifunza. Yakaja ya chuma, kisha ya alumini ya kusukuma. Alimwelekeza mteja bila kumzungusha: "Jikoni weka luva, moshi utoke. Sebuleni weka la kusukuma, halitagombana na pazia." Mkewe alikuwa akicheka: "Huyu ukimpeleka ugenini, anasalimia madirisha kwanza, wenyeji baadaye!"

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa nondo. Nondo za Fremu hazikutoka. Alizichomelea, kisha akazika ncha zake ndani ya zege.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Dada huyo alimwagiza: "Mdogo wangu, nifungie vizuri. Nimechoka kuibiwa." Akamfungia madirisha yote. Yote, wasikilizaji. Hakuacha hata moja ambalo mtu angeweza kupita.

Moto ulianzia jikoni, mchana, karibu na mlango. Dada alikimbilia dirisha la chumbani. Mtoto wa dada huyo ananisimulia: "Mjomba alikuja mbio. Alishika nondo kwa mikono mitupu, akavuta. Mama yuko upande wa pili, anamwambia, 'Acha, mdogo wangu, utaungua.' Nondo hazikutoka."

Baada ya mazishi ya dada, Fremu alimwambia mpwa wake maneno machache: "Kazi yangu ilikuwa nzuri mno."

Mikono ilipopona, aliandika kwenye daftari kila nyumba aliyoifunga namna ile. Nyumba sitini na tatu. Akaanza kuzirudia. Kila nyumba alikata nondo za madirisha ya vyumba vya kulala, akazitia bawaba, na komeo la ndani ambalo hata mtoto anaweza kulivuta. Wengine walimfukuza. Mama mmoja alimfokea: "Wewe Fremu, umetumwa na wezi?"

"Mama, mwizi akichukua redio, nitakutafutia nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Alirudi kwa mama huyo mara nne. Ya nne akafunguliwa mlango.

Nyumba sitini na mbili alizimaliza. Ilibaki moja, mji wa mbali. Kifua kikambana, kila wiki akasema wiki ijayo. "Nilimwomba aandike," anasema binti yake, ambaye naye ni fundi. "Alikataa. Alisema barua mtu anaiweka kando. Alitaka kwenda mwenyewe."

Mama mjane, pole. Binti, pole. Na wewe mpwa, uliyemsamehe tangu miaka mingi naye akashindwa kujisamehe, pole sana.

Nanyi mnaonisikiliza, inukeni. Nendeni kwenye dirisha la chumba mnacholala. Lishikeni. Jiulizeni, aliyemo humu atatokaje?

Jana asubuhi nilikuwa nyumbani kwa marehemu. Binti alikuwa mezani akimwandikia mwenye nyumba ya sitini na tatu, mama yake amesimama nyuma yake. "Baba yangu alikuwa anakuja kwako," aliandika. "Hatakuja tena. Usimngoje. Tafuta fundi yeyote, siku hiyohiyo utakayosoma." Chini akachora dirisha la chumba cha watoto, na mstari mahali pa kukata. Akakunja karatasi. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akabana tena. Tukaenda posta kwa miguu. Alimkabidhi karani, akasimama palepale mpaka muhuri ulipogongwa na bahasha ikaingia kwenye gunia.